Mama ameacha dawa ya mifupa kwa ajili ya unga wa kolajeni

Shangazi, shikamoo.

Ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 64, ambaye ninaishi naye hapa Muheza. Mwishoni mwa masika aliteleza uani alipokuwa akianua nguo, akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Daktari aliyemfunga plasta alisema kwamba kuanguka kwa namna ile hakukupaswa kuvunja mfupa ulio mzima, akatuelekeza Dar es Salaam kwa kipimo cha msongamano wa mifupa. Majibu yalionyesha kwamba mama ana osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, na alama ya uti wa mgongo ilikuwa -2.8. Akaandikiwa dawa ya mifupa iitwayo alendroneti, ya miligramu 70, kidonge kimoja kila wiki, pamoja na vidonge vya kalsiamu.

Shida imeanzia kwenye kikundi chao cha kina mama cha kuweka na kukopa. Mwenzao mmoja anauza unga wa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, naye amewaeleza kwamba ndani yake mna peptidi, yaani protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, na kwamba peptidi hizo huenda moja kwa moja kwenye mfupa na kuujenga upya. Kopo moja linauzwa shilingi 85,000 na humtosha mama mwezi mmoja. Ili kuendelea kulinunua, siku hizi tumesimamisha maziwa tuliyokuwa tukiletewa kila asubuhi. Awali mama alishauriwa aukoroge unga katika glasi ya maziwa ya moto alfajiri na ameze kidonge chake humo humo. Alifanya hivyo majuma kadhaa, na kwa kuwa baada ya sala ya alfajiri huwa anajilaza tena kidogo, akaanza kupata kiungulia kikali kinachopanda hadi kifuani. Muuzaji akamwambia kwamba kinachomchoma ni dawa ya hospitali, kwamba mwili wake unaikataa, na kwamba unga pamoja na supu ya makongoro vinamtosha. Kidonge amekiacha tangu hapo.

Kwa upande mwingine, baba mdogo anashikilia kwamba mama asitumie protini yoyote, kwa sababu amesoma kwamba nyama na maziwa huifanya kalsiamu itoke kwenye mifupa na kupotea kwa njia ya mkojo. Mimi nimekwama katikati. Je, hizi peptidi zina ukweli wowote? Mama arudie kidonge? Na kwa kuwa sisi ni Waislamu, nimehangaika pia kujua kolajeni hii inatokana na mnyama gani, kwa maana maandishi ya kopo hayasemi.

Binti wa Muheza

Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama pole zangu. Nitaanza na kidonge kwa sababu hilo halisubiri, kisha nitakuja kwenye unga, ambao una ukweli ndani yake, ingawa si ukweli ule mliouziwa.

Alendroneti ni dawa yenye masharti makali, na inasikitisha kwamba mara nyingi mgonjwa hupewa masharti hayo kwa haraka dirishani, akiwa na mawazo mengine kichwani. Hata ikimezwa vizuri, ni chini ya asilimia 1 tu ya kidonge inayofyonzwa kutoka tumboni na kuingia katika damu. Kalsiamu ikiwepo tumboni wakati huo, huing'ang'ania dawa na kuizuia isifyonzwe, na kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na glasi ya maziwa karibu ni sawa na kidonge ambacho hakikumezwa. Kidonge hiki humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu ya kawaida, na baada ya hapo mgonjwa hukaa wima au husimama kwa muda usiopungua nusu saa bila chai, maziwa, chakula wala dawa nyingine. Sharti la kukaa wima lipo kwa ajili ya umio, yaani njia ya chakula inayopita kifuani, kwa kuwa kidonge kikikwama humo au kikirudi juu mtu akiwa amelala, huichubua na kuiunguza. Kwa hiyo mama alikuwa akipata madhara ya dawa bila kupata faida yake, na lawama ikaiangukia dawa badala ya namna ilivyonywewa.

Hata hivyo usimrudishie kidonge kesho asubuhi. Kiungulia cha kiwango unachokieleza kinapaswa kuangaliwa na daktari kwanza, hasa kama mama anasikia maumivu anapomeza au chakula kinaonekana kusita njiani. Mwelezeni daktari kila kitu kama ulivyonieleza mimi, pamoja na maziwa, unga na kujilaza. Akiona kwamba umio haujapona, zipo njia nyingine za kumtibu, mojawapo ikiwa dawa ya asidi ya zoledroniki, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo lakini huingizwa kwa dripu mara moja kwa mwaka na haipiti tumboni kabisa. Kabla ya dripu hiyo figo hupimwa, nanyi mkitaka mnaweza kuuliza kipimo hicho mapema. Jambo moja tu nasisitiza: mama mwenye alama ya -2.8, wakati Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1994 limeuweka mpaka wa ugonjwa huu kwenye -2.5 kushuka chini, na ambaye tayari amevunjika mfupa, hapaswi kukaa miezi bila tiba.

Sasa tuje kwenye peptidi. Protini yoyote tunayokula, iwe ya maharage, ya samaki au ya maziwa, ni mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani vijenzi vidogo vya protini. Tumboni na kwenye utumbo mwembamba vimeng'enya huukata mnyororo huo katika vipande vifupi, na vipande hivyo ndivyo peptidi. Vingi huendelea kukatwa hadi kufikia asidi amino moja moja, lakini vingine, hasa vile vya asidi amino mbili au tatu, hupita vikiwa vizima hadi kwenye damu. Maana yake ni kwamba mama hutengeneza peptidi ndani ya mwili wake kila anapokula maharage na dagaa, bila kopo. Kinachofanyika kiwandani ni kuanza kazi ya ukataji kabla chakula hakijafika mdomoni.

Peptidi iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi katika habari za mifupa hutokana na maziwa, na ndiyo maana niliumia kusoma kwamba mmeyasimamisha maziwa ili mnunue unga. Kaseini, ambayo ndiyo protini kubwa ya maziwa ya ng'ombe, inapokatwa na kimeng'enya cha kongosho kiitwacho tripsini, hutoa vipande vyenye vishada vya fosfati. Vishada hivyo hushika kalsiamu. Faida yake ni hii: kalsiamu ikitoka kwenye asidi ya tumbo na kuingia utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua, huwa na tabia ya kuungana na fosfati na kuganda, na ikishaganda haifyonzwi tena bali hutoka na choo. Peptidi za kaseini huizuia isigande. Mtafiti Mellander wa Sweden aliandika mwaka 1950 kwamba peptidi hizo zilisaidia ujengaji wa mifupa ya watoto wenye matege, na tangu hapo zimefanyiwa majaribio mengi. Zimetiwa hata kwenye dawa za kupaka meno, kwa kuwa zinaweza kubeba kalsiamu na fosfati hadi kwenye jino.

Majaribio kwa binadamu hayakutoa jibu moja. Mwaka 1997 watafiti waliziongeza peptidi za kaseini kwenye vyakula laini vya nafaka vya watoto, wakakuta kwamba kalsiamu na zinki zilifyonzwa vizuri zaidi katika chakula cha mchele, lakini hazikufyonzwa zaidi katika chakula cha nafaka isiyokobolewa. Majaribio mengine kwa watu wazima waliopewa maziwa yaliyoongezwa peptidi hizo hayakuona tofauti yoyote ya maana. Mimi nayachukulia matokeo ya mwaka 1997 kwa uzito kwa sababu yanagusa sufuria zetu. Nafaka isiyokobolewa ina fitati nyingi, kemikali ya asili kwenye pumba na kiini cha punje ambayo hushika madini kwa nguvu, na peptidi peke yake haikufua dafu mbele yake. Uji wa dona na uji wa ulezi una fitati hizo hizo. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazozila, takriban miligramu 340 katika gramu 100 za unga mkavu, lakini sehemu kubwa hubaki imefungwa mpaka mtu auoteshe kimea au auchachushe uji. Kina mama waliokuwa wakiacha uji uchachuke usiku kucha walikuwa wakiifungua kalsiamu hiyo, nami ningependa desturi hiyo irudi nyumbani kwenu kabla hamjafikiria kopo lolote.

Kolajeni ni habari nyingine. Mfupa ni kama ukuta wa nyumba ya udongo uliosukwa kwa fito: madini ya kalsiamu na fosfati ndiyo udongo, na kolajeni ndiyo fito. Takriban asilimia 90 ya protini ya mfupa ni kolajeni, na fito zikioza, udongo ukiwa mwingi kiasi gani ukuta utapasuka kwa tikisiko dogo. Kwa hiyo wazo la kuusaidia mfupa kwa kolajeni si la kipuuzi. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2005 kwamba mtu akila kolajeni iliyokatwakatwa, kipande cha asidi amino mbili, prolini na haidroksiprolini, huonekana kwenye damu yake kikiwa kizima. Katika maabara, vipande vya namna hiyo vimeonekana kuziamsha seli zinazojenga mfupa. Lakini kuonekana kwenye damu hakumaanishi kwamba vinakwenda moja kwa moja kwenye mfupa, kwa kuwa damu huvisambaza mwilini kote, na sehemu kubwa huvunjwa na kutumika kama protini nyingine yoyote.

Jaribio ambalo wauzaji hulitegemea zaidi lilichapishwa mwaka 2018. Wanawake 131 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua msongamano waligawanywa katika makundi mawili: wengine walipewa gramu 5 za peptidi maalumu za kolajeni kila siku kwa miezi 12, wengine wakapewa unga usio na kitu. Msongamano wa uti wa mgongo na wa shingo ya paja uliongezeka kwa waliotumia peptidi, wakati kwa wenzao ulielekea kushuka. Ni matokeo ya kutia moyo, nami siwezi kuyabeza. Ila mama na kikundi chake wangepaswa kuelezwa pia kwamba wanawake hao walikuwa wachache, kwamba kampuni inayozitengeneza peptidi hizo iliugharimia utafiti, na kwamba hakuna aliyehesabu kama waliotumia unga walivunjika mifupa mara chache zaidi. Alendroneti imepimwa kwa maelfu ya wanawake kwa kuhesabu mifupa iliyovunjika, na walioitumia walivunjika uti wa mgongo na nyonga mara chache zaidi kuliko wenzao. Hiyo ndiyo sababu ninaiweka dawa mbele na unga nyuma, wala si kwa sababu dawa ni ya hospitali na unga ni wa mtaani.

Pengine mama atapenda kujua kwamba ipo peptidi inayojenga mfupa kwa nguvu za kweli. Inaitwa teriparatidi, ni kipande cha asidi amino 34 kilichochukuliwa kwenye mwanzo wa homoni ya tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, na iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2002. Hutolewa kwa sindano kila siku, kwa sababu ikimezwa tumbo litaikatakata kabla haijafanya kazi. Jambo hilo linatosha kutuonyesha jinsi tumbo linavyozihudumia peptidi nyingi tunazozimeza.

Kuhusu baba mdogo, alichokisoma kiliwahi kuaminiwa na wataalamu wengi, kwa hiyo msimvunjie heshima. Ni kweli kwamba mtu akiongeza protini, kalsiamu huongezeka kwenye mkojo wake, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kalsiamu hiyo inatoka mifupani. Baadaye, kwa kuifuatilia kalsiamu yenye alama maalumu ndani ya mwili, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatoka kwenye chakula, kwa kuwa protini huufanya utumbo ufyonze kalsiamu zaidi. Protini huchochea pia homoni ambayo huhimiza ujenzi wa mfupa. Katika mji wa Framingham nchini Marekani, wazee waliofuatiliwa kwa miaka minne walionyesha kwamba waliokula protini kidogo ndio waliopoteza mfupa zaidi, kwenye nyonga na kwenye uti wa mgongo. Na huko Geneva, Uswisi, mwaka 1998, wagonjwa wazee 82 waliokuwa wamevunjika nyonga walifuatiliwa kwa mwaka mmoja: wote walipewa kalsiamu na vitamini D, lakini nusu yao waliongezewa gramu 20 za protini, nyingi ikiwa ya maziwa. Waliopata protini hiyo walipoteza mfupa mdogo zaidi pajani na walikaa muda mfupi zaidi katika wodi ya mazoezi. Mweleze baba mdogo habari hiyo ya Geneva, maana inamhusu kabisa mtu aliye katika hali ya mama. Tahadhari yake inabaki na maana kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye kiasi chake cha protini hupangwa na daktari.

Mama akiwa na uzito wa kilo 60, umri wake unahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, yaani gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo. Kikombe cha maziwa kina gramu 8 na takriban miligramu 300 za kalsiamu. Yai lina gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Dagaa ninawapenda kuliko vyote kwa ajili yake, kwa sababu huliwa na mifupa yao, kwa hiyo protini na kalsiamu huingia pamoja katika tonge moja. Mkiwaosha vizuri mchanga, mkawakausha kwenye sufuria mpaka walainike kwa kutafunwa, kisha mkawaunga kwa nazi, mtakuwa mmempa mama kile ambacho unga wa kopo hauna. Kama maziwa fresh yanamjaza tumbo gesi, mpeni mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kuanza kuikata kaseini kuwa peptidi na kupunguza sukari ya maziwa. Kwa mboga, sukuma wiki inatoa kalsiamu yake kwa urahisi zaidi kuliko mchicha, kwa kuwa mchicha una oksalati zinazoishikilia. Anahitaji pia vitamini D, na kama hutoka nje akiwa amejifunika vyema, jua la Tanga haliwezi kutegemewa peke yake, kwa hiyo mwombeni daktari alitazame hilo.

Supu ya makongoro haina ubaya mkiondoa mafuta yanayoelea. Ule ugandaji wake ikipoa unatokana na kolajeni iliyogeuka jelatini, na tumbo litaikata kuwa peptidi kama linavyokata ya kopo. Kalsiamu yake lakini ni ndogo sana, kwa kuwa mfupa haumumunyiki kwenye maji hata ukichemshwa kutwa nzima, na kolajeni yenyewe, ya supu au ya unga, haina asidi amino ya triptofani, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa hiyo isihesabiwe kuwa ndiyo protini yake ya siku.

Limebaki suala la kopo na uhalali wake. Kolajeni ya viwandani hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, ngozi ya nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki, na mtengenezaji mwaminifu husema ni ipi na huonyesha alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Kopo lisilosema linatokana na mnyama gani, mimi nisingempa mama yangu, na una haki ya kumrudishia muuzaji na kumwomba cheti. Likithibitika kwamba ni la ng'ombe aliyechinjwa kihalali au la samaki, na fedha ikawepo baada ya maziwa, dagaa na dawa kulipiwa, mama anaweza kuutumia mchana, mbali na kidonge, kwa kipimo cha gramu 5, ambacho ndicho kilichojaribiwa. Kwa sasa rudisheni maziwa ya asubuhi, na siku ya kliniki bebeni kopo lenyewe pamoja na pakiti ya alendroneti, ili daktari asome mwenyewe kama ndani ya unga huo kuna kalsiamu iliyoongezwa, kwa kuwa ikiwemo itabidi aihesabu pamoja na ile ya vidonge alivyomwandikia.